Picha ya Chupa ya Divai

Wako watu wadhanio ya kwamba kupiga picha ya chupa ni kazi nyepesi, kwa kuwa chupa haikimbii, haifumbi macho, wala haichoki kusimama. Yeyote aliyejaribu ajua kuwa sivyo. Mtu ana uso, na uso hupokea nuru. Chupa haina uso. Kioo chake ni kama maji ya kisima: ukikitazama waona dirisha, waona taa, waona dari, na katikati ya hayo waona mwenye kamera amejikunja nyuma ya kamera yake. Chupa yenyewe huioni. Kwa hiyo mpiga picha hana budi kuacha kuimulika chupa, akaanza kuvipanga vile vitu ambavyo chupa inavitazama, karatasi nyeupe huku, kitambaa cheusi huku, mpaka kioo kijulikane kwa yale kinayoyaakisi.

Sisi tulikuwa walimu watatu wa Kiswahili katika mji wa London, na kamera ndiyo iliyokuwa mazungumzo yetu kila Jumamosi. Twapenda kuwasimulia wasomaji habari ya chupa moja tuliyoipiga picha mwezi wa Januari mwaka 2015, kwa heshima ya Bwana Serge Hochar, mtengenezaji wa divai wa nchi ya Lebanoni, aliyefariki tarehe 31 Desemba 2014 alipokuwa akiogelea baharini huko Acapulco, katika nchi ya Meksiko. Umri wake ulikuwa miaka 75.

Twasema divai, wala hatusemi mvinyo, ingawa kamusi zayakubali maneno yote mawili. Kwa wazee wetu wengi mvinyo ulikuwa ni kileo cho chote kikali kiuzwacho katika chupa, na jina lenyewe lilikuwa na harufu ya ugomvi. Divai ni neno lenye asili ya Kifaransa, nalo limekaa na zabibu mpaka leo. Msomaji asiyekunywa kileo asidhani ya kuwa twamwita mezani. Mmoja katika sisi watatu hajaonja kileo maishani mwake, naye ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote, kama itakavyoonekana. Habari yetu ni habari ya kazi ya mikono, na ya jinsi mtu aheshimiwavyo kwa kazi yake.

Aliyetuomba picha hiyo alikuwa mzee mmoja Mlebanoni, mwenye mkahawa mdogo karibu na nyumba tuliyokaa. Katika ujana wake alifanya biashara miaka mingi Lubumbashi, na Kiswahili chake cha Kongo kilikuwa kimemkaa ulimini kama cha mzaliwa. Ndiyo sababu tulijuana naye. Siku chache baada ya mwaka mpya alituita nyuma ya duka, akatuonyesha chupa iliyolala katika sanduku la mbao, akasema, "Walimu, mtu huyu amekufa. Nataka mnipigie picha ya chupa yake, niitundike ukutani."

Tulimwuliza kwa nini asitundike picha ya mtu mwenyewe, maana sura ya Bwana Hochar ilikuwa imetoka magazetini mara nyingi. Akajibu, "Uso wake sikuujua. Nilichokijua ni hiki."

Jibu lile lilitupa kazi ya kufikiri, kwa kuwa picha ya chupa ya divai ni kitu cha kawaida sana. Kila duka linayo, kila gazeti linayo, na karibu zote zafanana: chupa imejaa mpaka shingoni, kioo kinang'aa, tone moja la maji lateremka kandoni ili mwenye kutazama aone kiu. Picha ya namna hiyo humheshimu mwenye kununua. Sisi tulitakiwa tumheshimu mwenye kutengeneza, tena aliyekufa, na mambo hayo mawili hayapigwi kwa taa moja. Basi kabla ya kuwasha taa tuliona yafaa kwanza kumjua mtu.

Kiwanda cha Château Musar kilianzishwa mwaka 1930 na baba yake, Gaston Hochar, katika ngome ya kale ya Ghazir, juu ya vilima vitazamavyo bahari upande wa kaskazini wa Beirut. Mashamba ya mizabibu hayapo hapo. Yako katika bonde la Bekaa, ng'ambo ya pili ya milima ya Lebanoni, mahali palipoinuka yapata mita 1,000 juu ya bahari. Msomaji aikumbuke milima hiyo, maana kila mwaka zabibu hazina budi kuivuka kwa magari ya mizigo ndipo zifike kiwandani. Wakati wa vita ya pili ya dunia askari mmoja mwenye cheo, Ronald Barton, wa ukoo wenye mashamba ya divai Bordeaux, alikuwa Lebanoni, akafanya urafiki na Gaston. Hata mwana wa pili wa Gaston akaitwa Ronald kwa jina la rafiki huyo. Mwana wa kwanza ndiye Serge. Alipelekwa Bordeaux kujifunza kazi, na mmoja wa walimu wake huko alikuwa Émile Peynaud, ambaye watu wa kazi hiyo wamhesabu kuwa mwalimu wa walimu. Serge alianza kutengeneza divai ya Musar mwaka 1959, akiwa na umri wa kama miaka 20.

Mafundisho ya shule za divai katika siku zile yalielekea usafi: divai iwe angavu, isiwe na tope, isiwe na harufu isiyotazamiwa, ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Bwana Hochar aliyajua mafundisho hayo vema, kisha akaenda njia yake. Zabibu zake nyekundu ni za aina tatu, Cabernet Sauvignon, Carignan na Cinsault. Kila aina aliichachusha peke yake katika matangi ya saruji, kwa hamira ile ile iliyokuja na zabibu kutoka shambani, wala hakutia hamira ya kununua. Kisha divai ilikaa mwaka mmoja katika mapipa ya mwaloni wa Kifaransa, ndipo akazichanganya zile tatu, akazitia chupani pasipo kuzichuja. Chupa zikalazwa gizani. Divai ya mavuno ya mwaka mmoja ilitoka kwenda sokoni katika mwaka wa saba. Mfanya biashara asomaye habari hii na apige hesabu mwenyewe ya fedha zilalazo bure chini ya ardhi miaka yote hiyo.

Wataalamu hawakumsifu wote. Wapo waliosema ya kuwa divai yake ina ukali wa siki pembeni, na ya kuwa chupa mbili za mwaka mmoja hazilingani. Maneno hayo hayakuwa ya uongo. Yeye aliyasikia, akaendelea vile vile, kwa kuwa aliiona divai kuwa kitu chenye uhai, na kitu chenye uhai hakilingani.

Mwaka 1975 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza Lebanoni, isiishe mpaka mwaka 1990. Kabla ya hapo divai ya Musar ilinywewa zaidi nyumbani. Soko hilo likafa. Mwaka 1976 hapakuwa na divai kabisa, kwa sababu ya vita. Ndipo Bwana Hochar akachukua chupa zake akaenda kuzitafutia watu Uingereza. Mwaka 1979, katika maonyesho ya divai ya Bristol, Michael Broadbent, bingwa wa divai wa nyumba ya mnada ya Christie's, aliionja ile ya mwaka 1967 akaisifu mbele ya watu, na sifa ile ikaenea. Mwaka 1984 gazeti la Decanter la Uingereza lilipoanza kumchagua mtu wa mwaka katika mambo ya divai, wa kwanza kuchaguliwa alikuwa yeye.

Wazee wetu husema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi watatu tuliikumbuka mithali hiyo mara nyingi katika siku zile, kwa kuwa hapa palikuwa na mgema aliyesifiwa mbele ya mataifa, tena wakati alipokuwa na shida ya soko. Ilimpasa, kwa akili za biashara, kuichuja divai yake, kuisafisha na kuilinganisha, ili wanunuzi wapya wasishtuke. Wala asingelaumiwa. Lakini chupa iliyokuwa katika sanduku la yule mzee ilitengenezwa miaka minne baada ya sifa za Bristol, na mashapo yalikuwa ndani yake, mazito, meusi, yamegandamana ubavuni kama masizi ubavuni mwa chungu.

Ilikuwa chupa ya mavuno ya mwaka 1983. Mzee alieleza kwa nini aliununua mwaka huo na si mwingine. Mwezi wa Septemba 1983, wakati zabibu zinapoiva Bekaa, vita vya milimani viliwaka, na barabara kuu itokayo Beirut kwenda Damasko ilipita katikati ya mapigano. Yeye alikuwa Jounieh wakati huo, chini ya Ghazir, na usiku alisikia mizinga ng'ambo ya Beirut. "Hatukuwa na hakika ya mkate," alisema, "na watu wale walikuwa wakileta zabibu." Mwaka uliofuata mambo yalikuwa mabaya zaidi, zabibu zikakawia njiani hata zikaanza kuchachuka ndani ya magari kabla ya kufika. Lakini za mwaka 1983 zilivuka. Madereva waliozivusha hawaandikwi po pote katika chupa, nasi twaona yafaa watajwe hapa walau kwa kazi yao.

Basi tukaja kwenye kazi yetu wenyewe, na mara pakatokea ubishi. Chupa ilikuwa imefunikwa vumbi tele. Mzee akatukataza, "Walimu, msilifute vumbi. Vumbi ndilo umri wake."

Yule mwenzetu asiyekunywa akamjibu kwa upole, "Mzee wetu, vumbi hili ni la stoo yako. Limetoka London. Bwana Hochar hakulitia."

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akaenda jikoni, akaleta kitambaa kibichi, akaipangusa chupa kwa mkono wake mwenyewe. Twasema kweli, hatupendi ule mtindo wa kupiga picha chupa zilizojaa vumbi na utando wa buibui ili zionekane za thamani. Vumbi hujipatia mtu ye yote aliye mvivu wa kufagia.

Ubishi wa pili ulikuwa baina yetu sisi wenyewe. Mmoja wetu, aliyepata kupiga picha za bidhaa kwa ujira, alisema tuyafiche mashapo. Tena divai ilikuwa imepungua, kama ipunguavyo katika chupa za zamani, kwa kuwa kizibo hupumua. Ilikuwa imeshuka kutoka shingoni mpaka penye bega. Akasema, jambo hilo ni dogo, kompyuta yaweza kuijaza chupa na kuisafisha kwa dakika kumi, na hapana atakayejua. Tulishindana naye mpaka usiku. Hoja iliyomshinda haikuwa ya uzuri. Tulimwuliza: mtu huyu aliacha nini ndani ya chupa kwa makusudi, ambacho wenzake wote walikiondoa? Akatazama, akasema, "Mashapo." Basi, tukisha kuyaondoa, tutakuwa tumepiga picha ya divai ya mtu mwingine. Na upungufu ule wa divai ni miaka 31 iliyopita juu yake, nayo aliitazamia. Hakuwa mtu wa kutengeneza divai ya kunywewa mwaka ule ule.

Tangu hapo taa zilijipanga zenyewe, twaweza kusema. Kama taa ingekuwa mbele, kioo kingeng'aa na ndani kusingeonekana kitu. Ilibidi nuru itoke nyuma ipite katikati ya divai. Tukaiweka chupa juu ya meza, mbali na ukuta hatua mbili, tukatundika shuka jeupe nyuma yake, na nyuma ya shuka taa moja yenye nguvu, hata shuka lote likawa kama mbingu ya alfajiri. Kulia na kushoto tukasimamisha mbao nyembamba zilizovikwa kitambaa cheusi. Kioo kikauakisi weusi ule kandokando, na umbo la chupa likachorwa kwa mistari miwili, mabega yake yaliyoinuka kwa mtindo wa Bordeaux yakaonekana wazi.

Hapo tukapata faida ambayo hatukuitafuta. Chupa ilikuwa imelazwa miaka mingi, karatasi ya jina ikitazama juu. Kwa hiyo mashapo yalikuwa yamejikusanya upande wa chini, yaani nyuma ya jina. Tuliposimamisha chupa polepole na kuugeuza upande wa jina uelekee kamera, mashapo yakawa nyuma kabisa, baina ya taa na divai. Nuru ilipopita iliyakuta kwanza. Pale yalipokuwa mazito palikuwa na kivuli kama mlima mbele ya jua linalochomoza. Pale yalipokuwa mepesi nuru ilipenya, na divai ikatoa rangi ya tofali lililochomwa, na juu karibu na bega ikafifia kuwa kama chai. Yule mwenzetu wa picha za bidhaa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ya kwamba ni nzuri.

Kioo cha kijani hula nuru nyingi. Ikatubidi kuiacha kamera ifumbue jicho lake sekunde mbili nzima, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kando ya barabara, kila gari kubwa lilipopita tulingoja meza itulie ndipo tubonye tena. Mwenzetu asiyekunywa alikaa magotini pembeni karibu saa mbili, ameshika kioo kidogo cha kujitazamia. Kazi yake ilikuwa kuirudisha nuru kidogo juu ya karatasi ya jina, kwa sababu karatasi haipitishi nuru, na bila yeye ingalikuwa kiraka cheusi tu. Mkono ukitikisika, jina lilitoweka.

Na jina lenyewe lilitupa neno la kuzungumza. Juu ya karatasi pameandikwa Château Musar, pana mwaka, pana Gaston Hochar. Serge hayumo. Mtu aliyeishika kazi ile tangu mwaka 1959, akaipitisha katika vita miaka kumi na mitano, aliiacha chupa yake ikitembea duniani kwa jina la baba yake. Tulimwambia mzee ya kuwa twaweza kuandika chini ya picha jina la Serge na miaka yake, 1939 hadi 2014. Akafikiri, akakataa. Alisema wanaojua watajua, na wasiojua watauliza, naye apenda kuulizwa.

Kweli waliuliza. Picha ilitundikwa karibu na mlango wa jiko, kubwa kiasi cha dirisha dogo, na wateja walipoitazama swali lao lilikuwa lile lile: je, ndani ya chupa mna uchafu? Mzee aliacha hesabu zake, akavuta kiti, akaanza kuwasimulia habari za barabara ya milimani. Mara moja mwanawe alimwuliza kwa nini asitundike chupa zote za miaka ya vita kwa safu, moja baada ya moja. Akasema, "Na ya mwaka 1976 utaipigaje picha?"

Chupa aliifungua siku ya Pasaka mwaka ule ule, watoto wake walipokusanyika, nasi tukaalikwa. Divai yenye mashapo haimiminwi ovyo. Huinamishwa polepole sana ndani ya chombo kingine, na mshumaa huwekwa nyuma ya shingo ya chupa, ili mwenye kumimina aone mashapo yanapokuja na aache. Mzee mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo akamimina mwanawe, na mshumaa akashika yule mwenzetu asiyekunywa, kwa kuwa, alisema mzee, amekwisha zoea. Moshi wa mutu wa mshumaa ulimwingia machoni, lakini hakuusogeza mkono. Uzi mweusi ulipotokea shingoni alisema, "Basi," na mwana akaacha. Chini ya chupa vilibaki kama vidole viwili vya divai nzito. Mzee akaikabili dirishani, akaitazama, kisha akaiweka rafuni bila kuiosha, chini ya picha yake.